Jibu Ulilolijua Wewe Tu, Shangazi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mahindi uliyoyapanda kule shambani Maretadu tuliyavuna sisi. Ndama wako mwekundu amekuwa mtamba, bado anakula nguo kwenye kamba. Na mimi napumua vizuri. Hilo ndilo nililotaka kukuambia.

Baada ya kukuzika nilianguka na pikipiki. Hospitalini nilikaa siku nyingi na mpira kooni wa kunisaidia kupumua. Ulipotolewa, kovu likaanza kuota ndani, njia ya hewa ikabana. Nikawa napiga filimbi kila nikivuta pumzi, na sauti ikapotea kabisa. Ikabidi nipasuliwe, kovu likatwe.

Kabla ya upasuaji, daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza kama nimeshaanza hedhi. Baba alikuwa amesimama pale pale. Akanijibia haraka, "Huyu bado ni mtoto, daktari." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Nilidanganya, Shangazi. Ulijua wewe tu. Ni wewe uliyenipeleka nyuma ya zizi na vipande vya kitenge, ukaniambia, "Huu si ugonjwa. Acha kutembea kama kuku aliyelowa!" Nilicheka huku nalia. Mama sikuwahi kumwambia, unajua kwetu hayo ni ya shangazi.

Sikutulia. Kama swali halina maana, kwa nini daktari aliandika jibu kwenye faili? Kesho yake nikachana karatasi ya daftari la baiolojia, nikaandika: "Daktari, jana sikusema kweli. Nilianza mwaka jana. Shangazi yangu anajua." Niliandika "anajua," kama vile upo.

Daktari aliisoma, hakunicheka. Alikaa kitandani akanieleza kwamba homoni za kike zinaweza kugusa namna kidonda kinavyopona na kovu linavyokua. Kuna aina ya kubana kwa njia ya hewa inayowapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na wataalamu bado wanatafuta sababu. "Hatujui yote," alisema. "Ndiyo maana tunauliza. Mwili wako unabadilika, na kovu lako nitalifuatilia nikijua hivyo."

Akaniomba ruhusa amwambie Baba. Nikafumba macho, nikaitikia.

Baba alizungusha kofia yake mikononi muda mrefu. Halafu akauliza, "Dada yangu alijua?" Nikaitikia tena. Akasema, "Basi ulikuwa kwenye mikono mizuri." Akatoka. Aliporudi alikuwa na pakiti ya pedi, imefungwa kwa gazeti kama nyama. "Za shule," akasema, akiangalia dirisha.

Shangazi, ungemwona kaka yako!

Nimepimwa mara mbili tangu upasuaji. Njia iko wazi. Daktari anasema kovu linaweza kurudi, kwa hiyo nitaendelea kwenda, na kila akiuliza nitajibu kweli. Sauti imerudi, ina mkwaruzo. Kwenye kwaya wamenihamishia kwa wenye sauti nzito. Nimependa huko.

Jana mdogo wangu Pendo aliniuliza kwa nini nina pakiti kwenye sanduku. Nilimwambia ngoja. Lakini siku yake ikifika, nakuahidi, nitampeleka mwenyewe nyuma ya zizi, na sauti hii ya mkwaruzo itamwambia yote, hata yale ya kuku.

Lala salama, Shangazi. Marahaba yako nitaisikia siku hiyo, Pendo atakapocheka huku analia.

Mwanao, hapa Tlawi