Mkono wa Kumsalimia Ta Deo

Jumapili, jioni. Asubuhi mvua ilitukuta kanisani, mchana jua likatoka kali, na sasa Kashai yote inanuka udongo mbichi na samaki wanaokaangwa na jirani yangu. Nimeshusha pumzi. Wiki nzima nilikuwa nimeibana na sikujua.

Mnaonisoma humu mnajua natafuta gari. Gari lenye mbio, na tafadhali asiniulize mtu la nini. Naishi Bukoba, kazi yangu ya maabara iko Muleba, katikati kuna lami yenye kona na vilima, na kila siku naipita nikiwa abiria wa mwenzangu wa kazini anayeendesha kana kwamba buti imejaa mayai. Nimechoka.

Nazir, muuza vipuri wa mjini aliyefahamiana na marehemu baba, anauza mawili ya aina moja, yote ya turbo. Moja la gia za mkono, jingine otomatiki. Akaniambia nijaribu moja baada ya jingine, kisha nichague. Akaongeza kwamba kwa mwanamke otomatiki ni raha zaidi. Nikaanza na la gia za mkono, kwa hasira tu.

Jamani, gari lile! Ukishusha gia kabla ya kona, ukakanyaga mafuta ukitoka, unahisi linakusikiliza. Nilicheka peke yangu barabarani.

Jumamosi, siku nane zilizopita, nikaenda nalo nyumbani Izimbya, kupanga na mama ujio wa akina Method. Method ndiye mchumba wangu, na watu wa kwao wanakuja kuposa Jumamosi ijayo. Kwenye kile kilima kabla ya kwetu, barabara ya udongo, mvua imetoka kupita, nikamwona Ta Deo anateremka na fimbo yake. Ni kaka mkubwa wa baba. Tangu baba afariki, yeye ndiye baba.

Mkono wa kulia ulikuwa kwenye usukani, pembeni kuna korongo. Wa kushoto ulikuwa kwenye gia, natoka ya tatu naingia ya pili. Kumpungia mzee mkono wa kushoto ni matusi. Kumpigia honi ni kumwambia apishe njia. Kusimama nisingethubutu, maana tairi zilishaanza kuteleza. Nikainamisha kichwa tu na kupita. Nilipoliegesha kwetu na kurudi mbio kwa miguu, alishakata njia ya kibanjani, kwenye migomba yake.

Kesho yake mama akapiga simu.

"Koku, umempita baba yako mkubwa kama kisiki?"

Ta Deo alikuwa ameshasema kwamba Jumamosi haketi kupokea wageni. Kwamba aliyejinunulia gari ajinunulie na wazee.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Sina kaka. Mama peke yake hawezi kupokea posa. Bila Ta Deo, akina Method wangefika na kukuta nyumba isiyo na msemaji, wangerudi walivyokuja, na mimi ningebaki kuwa yule binti aliyekosa mtu wa kumwozesha kwa sababu ya gia ya pili. Nililia, na kulia kwenyewe kulinitia hasira.

Jumatano nikabadilishana na Nazir, nikachukua otomatiki. Ni kweli mkono unabaki huru. Kutoka Kibeta hadi Muleba nilisalimia kila mwenye mvi, dirisha wazi, mkono nje, kama mgombea wa udiwani. Wazee walifurahi. Ila nilipofika kazini sikukumbuka hata kona moja niliyopita. Nikajiambia basi, ndiyo ukubwa huo, chukua hili uishi vizuri na watu.

Jana, hata hivyo, nilimwomba Nazir anirudishie lile la kwanza kwa siku moja. Nilitaka kwenda kuomba radhi na gari lenye kosa.

Leo baada ya misa nikafika kwa Ta Deo. Nikapiga magoti mlangoni, nikamsalimia kwa Kihaya. "Mpola, waitu." Akaitikia kwa sauti ya mtu anayehesabu meno yangu. Nikaeleza habari ya mikono. Hakuamini. Anaendesha baiskeli tangu ujana wake, na kwenye baiskeli mkono haujawahi kumpungukia.

"Mtu ana mikono miwili, anakosaje mmoja wa salamu?"

Nikamwomba akapande aone. Akachukua kofia yake.

Tukapanda kilima kilekile. Alikaa mbele, kofia magotini, macho kwenye mikono yangu kama msimamizi wa mtihani. Katikati ya mlima Ma Paulina, jirani yake, akatokea na mzigo wa majani ya migomba kichwani.

"Msalimie!" Ta Deo akaamuru.

Ningefanya nini? Nikaachia gia nusu njia, nikabadilisha mikono kwenye usukani, nikainua wa kulia, mguu ukaponyoka kwenye klachi. Gari likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, na Ta Deo akashika dashibodi kwa mikono yake yote miwili.

Ma Paulina akaja dirishani kutujulia hali. Akaanza na afya ya kila mmoja, akaenda kwenye kahawa, akamalizia na mbuzi wake aliyezaa. Ta Deo alimwitikia kote huko bila kuiachia dashibodi.

Alipoondoka, mzee akaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa baba.

Tuliporudi, mkewe akatuletea kahawa za kutafuna. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia mzee nimeamua kuchukua otomatiki ili nisimpite tena. Akatafuna taratibu, akatikisa kichwa.

"Nunua hili la leo. Lile jingine ukinipita nalo, utajitetea na nini?"

Halafu akamwambia mkewe atoe kanzu yake ianikwe, isije ikanuka sanduku mbele ya wageni. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Kesho nikitoka kazini nitapitia kwa Nazir, nichukue la gia za mkono. Kilima kile nitakipanda polepole, na mzee nikimwona kwa mbali nitasimama chini kabisa, kwenye tambarare, nimsubiri afike.

Lakini usiku huu siwazi gari. Nawaza kwamba Jumamosi akina Method watabisha hodi kwa baba yangu, na kuna mwanaume atakayewaitikia.