Usinitaje Kwenye Maombi

Timboroa,
10 Machi 2025

Kwako Mama yangu wa ubatizo,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari ya Kapsoya? Goti lako linaendeleaje, na Kigen wako bado anakataa kuoa? Sisi tuko salama, isipokuwa Sharon ana kikohozi na mimi nina baridi mpaka kwenye mifupa. Asubuhi nyasi zote ni nyeupe kwa barafu. Sharon alidhani mtu amemwaga chumvi.

Saida ametimiza alichotuahidi pale dukani kwake. Kaka yake, Aden, alituleta na lori la bidhaa bila kuuliza kitu. Shangazi yao, Nasteha, ana hoteli hapa kando ya barabara. Alitazama mkono wangu uliofungwa plasta, akamtazama mtoto, akasema, "Hapa kuna kazi ya viazi. Mkono moja inatosha kuosha." Basi tangu siku hiyo naosha viazi.

Laini yangu nimeitupa kwa sababu Edwin ana rafiki anayejua kufuatilia simu. Tutaandikiana kama watu wa zamani. Aden hupita hapa kila wiki, kwa hiyo barua mpe Saida na itanifikia.

Mama, nakuomba jambo moja tu. Wewe ndiwe mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita, na najua Jumamosi tukishasoma Injili kila mtu hutoa ombi lake kwa sauti. Kufikia Jumatatu mtaa mzima unajua nani ana uvimbe na nani amefukuzwa kazi. Hiyo ndiyo raha yetu, wala sikatai, hata mimi nimeifaidi. Lakini mimi usinitaje. Usinitaje hata kwenye maombi. Niombee kimoyomoyo, Mungu si kiziwi. Edwin aliniambia kwamba mkono ulikuwa onyo tu, na nikitoroka ataniua. Mimi namwamini.

Binti yako,
Purity

*

Eldoret,
18 Machi 2025

Mpendwa binti yangu,

Milele na milele, amina. Barua yako nimeisoma nikalia, nikaisoma tena nikacheka kwa ile chumvi ya Sharon. Msugue kifua kwa mafuta ya moto na umvalishe soksi akilala. Mimi goti linanisumbua lakini bado nafika kanisani kabla ya hao vijana wenye magoti mazima. Kigen hajaoa. Tuliache hilo.

Sasa nikupe habari, na ukae chini kwanza. Edwin amekuja jumuiya. Ndiyo, Edwin wako, ambaye alikuwa anatuona sisi ni kikundi cha akina mama wa kunywa chai. Alikuja na Biblia, akakaa nyuma karibu na mlango. Ilipofika saa ya maombi alipiga magoti kwenye simiti akasema mbele ya watu wote, "Nimekuwa mnyama kwa bibi yangu. Mniombee." Mzee Zakaria, katibu wetu, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye matanga ya watoto wake, alitoa kitambaa. Na wiki hii Edwin amechomelea geti la kanisa bure, padri hakumlipa hata soda.

Sisemi kitu, mwanangu. Sikutaja jina lako na sitalitaja. Ila nimewaza kuhusu Rita, msimamizi wetu. Mume wake alikuwa mkali kuliko Edwin, naye alivumilia na kuomba mpaka yule bwana akageuka akawa kondoo. Labda Kwaresima hii Mungu anataka kutuonyesha kitu.

Nijibu haraka, nisikae na wasiwasi.

Mama yako wa ubatizo

*

Timboroa,
24 Machi 2025

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Sharon amepona kikohozi, asante kwa ushauri wa soksi. Sasa anamfuata Nasteha kila mahali na amejifunza kusalimia kwa Kisomali. Wateja wanampa mandazi, na amenenepa kweli.

Naandika upesi kwa sababu Aden anapakia kabeji na hapendi kungoja. Mama, Edwin amepiga magoti mara nyingi kuliko unavyojua. Alipiga magoti sebuleni siku aliponing'oa jino. Alipiga magoti Krismasi, akaninunulia viatu. Siku ya mkono alikuwa ametoka kuungama mchana ule. Analia kwa ukweli, hilo nalo nakwambia, machozi yake si ya uongo. Halafu yanakauka.

Usinitolee mfano wa Rita. Rita alikuwa mtakatifu, mimi ni Purity wa kuosha viazi na nina mtoto wa miaka minne. Sitaki kuwa picha ya ukutani kama yeye, yenye jeraha kwenye paji la uso. Nataka kumwona Sharon akimaliza shule.

Waambie hujui niliko. Wakikuuliza mara mia, sema hivyo mara mia. Unanipenda, najua. Ndiyo maana naogopa.

Binti yako,
Purity

*

Eldoret,
31 Machi 2025

Mpendwa binti yangu,

Natumai barua hii inakukuta u mzima na una moyo mwepesi. Sisi ni wazima, mvua imeanza kunukia.

Purity, Bwana ametenda. Jumamosi jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yenu. Edwin alipanga viti, akapika chai mwenyewe, chai nzito ya maziwa. Kijitabu cha Kwaresima wiki hii kilikuwa kinahusu familia, na unajua utaratibu wake: Ona, Amua, Tenda. Kila jumuiya lazima iwe na tendo, si maneno matupu. Mwaka jana tulipaka rangi choo cha shule. Mwaka huu watu hawakujua watende nini.

Ikafika zamu yangu ya kuomba. Nilianza na mapadri na mvua, kama kawaida. Kwenye ukuta kulikuwa na ile picha ya Sharon siku ya ubatizo. Moyo ukanifurika, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ee Bwana, mlinde Purity wangu na mtoto kule Timboroa." Sikupanga. Mzee Zakaria amesema ni Roho Mtakatifu aliyelitoa lile neno, na mimi naona hivyo hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza. Edwin hakuinua hata kichwa. Alisema amina na wengine.

Basi tendo letu limepatikana. Jumamosi hii, tarehe tano, tunakuja jumuiya nzima na Edwin. Tumekodi basi dogo la shule. Tutaleta unga, maziwa na blanketi. Hatakugusa mbele yetu, mwanangu, na baadaye tutakuwa tunapita nyumbani kwenu kila mara. Tafadhali usikimbie. Ukikimbia utamvunja moyo akiwa katikati ya kugeuka, na mimi nitaficha wapi uso wangu?

Vaa kile kitenge cha buluu.

Mama yako wa ubatizo

*

Timboroa,
7 Aprili 2025

Mama,

Barua yako ya tarehe thelathini na moja nimeipokea leo. Lori la Aden liliharibika njiani, likalala gereji wiki nzima. Kwa hiyo Jumamosi sikuwa nimekimbia, wala sikuwa nawangoja. Nilikuwa nimeenda hospitalini kutolewa plasta. Nilimwacha Sharon na Nasteha kwa sababu foleni ya hospitali ni ndefu na mtoto angesumbuka.

Nilirudi mkono ukiwa mwepesi, nimemnunulia njugu. Nikakuta Nasteha amekaa nje, amejifunika uso. Kwenye meza kuna unga, maziwa na blanketi.

Ameniambia yote. Basi lilisimama, mkashuka mkiimba. Alisema mama mtoto hayuko, mrudi siku nyingine. Alisimama mlangoni na mikono yote miwili kwenye mbao, mwanamke mzee peke yake. Sharon alikuwa chini ya meza. Hakutoka alipoitwa na baba yake. Edwin alimwita mara ya kwanza na ya pili, mtoto akazidi kujikunyata. Halafu wewe ukaita. Akatoka mbio, akapita katikati ya miguu ya Nasteha, akakurukia kifuani. Alikukimbilia wewe, Mama. Nawe ukampa Edwin.

Nasteha anasema kuna mzee alisema, "Mtoto akienda, mama atafuata tu." Nadhani ni Zakaria. Anajua mambo ya ng'ombe.

Sikutukani. Nimejaribu kutafuta tusi na sikulipata. Nataka mtoto wangu, na nikienda kumchukua nyumbani kwa Edwin sitatoka. Polisi nimewaendea. Wamesema mtoto yuko kwa baba yake, hayo ni mambo ya nyumbani.

Sasa sikiliza. Alhamisi Kuu padri huosha miguu ya watu kumi na wawili, na kila mwenyekiti hupeleka jina kutoka jumuiya yake. Peleka jina la Edwin. Hatakataa, atafurahi kuonekana. Watamkalisha mbele madhabahuni, na hawezi kukaa kule na mtoto. Mwambie utampakata wewe. Kaa benchi la mwisho, karibu na mlango wa kushoto. Edwin akishavua kiatu, mtu atakugusa bega. Usigeuke kumtazama. Umwachilie Sharon tu. Usijue ni nani, usijue ni gari gani, usijue tunaenda wapi. Kitu usichokijua hakitakutoka mdomoni.

Purity

*

Eldoret,
11 Aprili 2025

Mwanangu,

Jina la Edwin nimelipeleka kwa padri. Edwin amenishukuru. Sharon yuko mzima, jana nilimwona kwenye karakana ya Edwin, amekaa juu ya mkebe wa rangi. Aliniuliza kama wewe umekufa. Nilimwambia hapana.

Benchi la mwisho, mlango wa kushoto. Sitageuka.

Mama yako, kama bado unaruhusu

*

Eldoret,
17 Mei 2025

Mpendwa binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najijibu mwenyewe, milele na milele, amina. Sijui mko hali gani. Sijui kama Sharon anakohoa, wala kama mahali mlipo kuna joto. Mimi ni mzima wa kutembea.

Wiki jana nilipeleka barua kwa Saida. Alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Aliisoma ile bahasha, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, mimi sijui mtu anaitwa Purity." Nikamwambia, Saida, si ulikuwa hapa hapa tukipanga? Akasema, "Sijui, Mama. Labda ni duka ingine." Akarudi kupima. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimshukuru nikaenda. Hii ninayoandika sasa sina wa kumpa, lakini mkono umezoea.

Nataka ujue ilivyokuwa. Edwin alikaa wa nne kutoka kushoto, amevaa suti. Padri alipofika kwa mtu wa pili, Edwin akavua kiatu na soksi, akakunja suruali vizuri. Sharon alikuwa amelala mapajani mwangu. Nikaguswa bega. Mkono ulikuwa na harufu ya viazi, au labda najitungia, sikugeuka. Nilimwamsha Sharon taratibu nikamweka chini. Sikuongea. Nilisikia vile viatu vyake vidogo vikienda, halafu vikaanza kukimbia. Mbele yangu padri alikuwa anambusu Edwin mguu.

Edwin alipoinua macho alitazama benchi letu. Mguu mmoja ulikuwa bado una maji. Alikuja katikati ya kanisa bila kiatu, kwaya ikiimba, akasimama mbele yangu. "Mtoto ako wapi?" Nikasema sijui. Akauliza tena, akanishika hapa shingoni, na watu ndipo wakaacha kuimba. Nikasema sijui, Edwin. Ulikuwa ukweli mtupu. Kigen na wanaume wengine ndio waliomtoa. Shingo imepona, ila nameza kwa shida kidogo.

Usidhani kwamba sasa wamemjua. Wamesema nilimvunjia mtu toba yake mbele ya Sakramenti. Uenyekiti wamempa Mzee Zakaria. Wananisalimia, hawajaniacha kabisa, lakini Jumamosi hakuna anayenipitia. Karakana ya Edwin imefungwa tangu Pasaka. Wengine wanasema alionekana Moi's Bridge akiuliza watu kwenye maghala ya mahindi, wengine wanasema alipanda gari la Nakuru. Ana ile picha ya ubatizo. Anawaonyesha watu njiani na wanamhurumia.

Na jumuiya inamsaidia. Kila mtu mwenye ndugu mahali ameambiwa aulize. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya jirani yangu, ukuta ni mbao tu, nikasikia kila neno. Walimaliza Injili, wakaimba, wakaanza maombi. Wote waliomba jambo moja, kwamba Purity na Sharon wapatikane. Waliomba vizuri. Wengine walilia, na ni watu ninaowapenda.

Nilipiga magoti upande wangu, goti likipiga kelele, nikaomba usipatikane. Wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa peke yangu, na sauti zao zilikuwa juu.

Mama yako wa ubatizo