Anayegonga Hujibiwa

Jumanne, jioni. Mvua ya mwezi wa kumi na moja imenyesha tangu asubuhi, na barabara ya Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi, imekuwa tope jekundu tupu. Dereva wa pikipiki aliyenirudisha nyumbani alikuwa na maneno mengi. Mimi bado nilikuwa nausikia wimbo.

Nimeona niandike, jambo hili lisinilale kifuani.

Mnaosoma hapa mnajua tunarekodi albamu ya jazi: Mama Ngalula kwenye piano, Tata Kazadi kwenye besi, mimi kwenye ngoma. Tunarekodia sebuleni kwa Mama, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, yenye kuta nene. Ni muziki wa sauti chache. Mama Ngalula hutoa noti kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Mwanzoni nilimcheka kimoyomoyo. Sasa naipenda albamu hii kuliko chochote nilichowahi kupiga, na ndiyo maana nimeogopa wiki nzima.

Umebaki wimbo mmoja. Piano inapiga noti ileile mara tatu, halafu kimya. Mara tatu tena, kimya. Besi inapita chini polepole. Mama anataka kile kimya kibaki wazi mpaka mwisho, kwa hiyo kazi yangu ni kukaa bila kufanya kitu.

Siwezi.

Kila tunapojaribu, mkono wangu unajibu: mara tatu, kwa kijiti, kwenye ukingo wa ngoma. Jana Mama alisema waziwazi kwamba nikishindwa tena leo, watarekodi wao wawili. Hakusema kwa ubaya. Wimbo ni wake.

Leo nimeshindwa tena. Tata Kazadi akacheka, akasema, "We Kalonji, mukono yako iko na kichwa yake." Mama hakucheka, akataka kujua kwa nini sikai kimya.

"Juu ya nini unajibu? Mi nasemaka kila siku, silence."

"Mama, mi siwezi kuacha mutu anagonga bila kumujibia."

"Mutu gani?"

Basi nikawaambia. Walijua kwamba mdogo wangu Trésor alifia kwenye shimo la mgodi kule Musonoi. Hawakujua ilivyokuwa.

Wachimbaji wana desturi yao. Udongo ukiporomoka, walio juu wanaamuru watu wote wanyamaze, hata akina mama wanaolia. Wanasikiliza. Aliye chini akiwa hai, anagonga jiwe. Na anayegonga hujibiwa, ili ajue kwamba tupo. Trésor aligonga mara tatu tatu. Mimi nilikuwa wa kumjibu, wenzake wakichimba. Halafu akaacha. Nikaendelea kugonga peke yangu mpaka mvua ikaanza na wakubwa wa shimo wakatuondoa wote, kwa sababu udongo ulikuwa bado unashuka. Mimi nilibebwa. Sikuacha kwa hiari yangu.

Watu wa pwani husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi wa Kolwezi mishindo tumeizoea, migodini wanalipua miamba na tunaendelea kula ugali. Kimya ndicho kinachonishinda mimi.

Mama Ngalula aliinamia piano. Kisha akauliza habari ya Trésor, "Yeye njo aliachaka wa kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Bon, sawa. Tutapiga vile. Mi nitaacha, we utaendelea. Hakuna mutu atakuonyesha wakati ya kuacha."

Nusura niseme afadhali warekodi bila mimi. Uchungu wa mtu ni wake. Kuuweka kwenye albamu niliona ni kuuanika barabarani, kila mpita njia aushikeshike.

Lakini Mama alikuwa amekwisha kuanza. Mara tatu. Nikajibu. Mara tatu. Nikajibu. Tukaenda hivyo, na nilisikia raha ambayo sikuitegemea, raha ya kugongewa na mtu aliye hai. Halafu akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Besi nayo ikanyamaza.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Nilijua hakuna atakayejibu, lakini kila mara niliinamisha sikio. Machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Kisha nikaweka kijiti chini. Mwenyewe.

Mama alizima mashine ya kurekodia, akaenda jikoni kutuwekea chai, na Tata Kazadi akajifanya anakaza nyuzi za besi. Hatutaurudia wimbo huo. Ulivyotoka ndivyo utakavyosikika.

Trésor, leo nimeacha kugonga. Usidhani nimeondoka.