Kahawa ya Mjane wa Eda

Jumapili, Maskati. Joto la kunata, na vumbi limeificha milima tangu asubuhi.

Nimeswali magharibi, nimekaa na chai ambayo sijainywa, na ninaandika haraka kabla sijajishauri kunyamaza. Majina yote humu nimeyabadilisha, na ofisi yangu sitaitaja. Mnaonisoma siku zote mnajua mambo mawili kunihusu: kwamba ninafanya kazi serikalini, na kwamba mimi si mwoga. Leo hilo la pili sina hakika nalo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kampuni ikiomba zabuni kubwa ya serikali, inatakiwa igawe sehemu ya kazi kwa biashara ndogo, zile ambazo peke yao haziwezi hata kusogelea mlango wa zabuni. Ikisema imeshindwa kupata biashara ndogo hata moja, haitupwi nje papo hapo. Inaambiwa ioneshe kwamba ilijitahidi kwa dhati: iliwaandikia lini, iliwapa siku ngapi za kujibu, ilifuatilia vipi, walikataa kwa nini. Kamati yetu ina watu watano, na ushahidi huo ninausoma mimi. Ninapima nani amejitahidi kweli na nani amejitahidi kwenye karatasi tu.

Naipenda kazi hii, sitaficha. Juhudi ya kweli ina vurugu zake. Utakuta barua ya pili inayolalamika kwamba ya kwanza haikujibiwa, namba ya simu iliyofutwa ikaandikwa nyingine, mtu aliyekubali Jumatatu akageuka Jumatano. Juhudi ya uongo huwa nadhifu.

Faili la leo lilikuwa nadhifu kupita kiasi.

Zabuni ni ya mapazia, mashuka na sare za vituo vya afya. Mwombaji ni kampuni kubwa yenye maghala yake kule viwandani Rusayl. Inasema ilizifuata karakana tisa za ushonaji na zote tisa zimekataa. Kuna barua tisa za kukataa, kila moja na muhuri wake, na zote zinashukuru kwa fursa na kusikitika kwamba uwezo wa sasa hauruhusu, kwa maneno yale yale. Kila barua imeambatanishwa na muhtasari wa kikao: wajumbe watatu wa kampuni walimtembelea mwenye karakana, wakakaribishwa kahawa na halua, wakaeleza kazi, mwenyewe akakataa kwa heshima. Kahawa na halua mara tisa. Nilicheka peke yangu mezani, nikasema huyu mwandishi wao angewapa watu tende angalau siku moja.

Nilipofika karakana ya saba niliacha kucheka. Ni ya mtaa wa Mabela, na mwenyewe ni mama mdogo wangu.

Nitamwita Zuwena. Ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu Suleiman, tangu mama yetu alipofariki. Ana vyarahani sita na wanawake sita wa kuvikalia, na mikono yake ndiyo iliyonisomesha. Mumewe alifariki karibu miezi minne iliyopita, kwa hiyo yuko edani. Mnajua eda ya wazee wetu ilivyo: miezi minne na siku kumi, hapana wanja, hapana manukato, hapana kutoka bila dharura, hapana kuonana na mwanamume asiye maharimu. Mama mdogo ameishika barabara. Hata fundi wa kiyoyozi alipokuja, yeye alijifungia chumba cha ndani mpaka gari la fundi likaondoka.

Kikao kilichoandikwa kwenye faili ni cha mwezi wa pili wa eda. Na siku yenyewe ninaikumbuka, kwa sababu nilichukua ruhusa kazini. Alikuwa na homa, nikashinda naye chumbani nikimkanda kwa kitambaa cha maji. Eti siku hiyo alikaa karakanani akawamiminia kahawa wanaume watatu wasiomhusu! Aliyeandika hakujua hata kwamba mwenye karakana ni mjane. Alinakili tu ya sita akabadilisha jina.

Nilitamani muhuri uwe wa kughushi. Wallahi nilitamani. Nikaisogeza karatasi dirishani. Duara lake limemeguka kidogo upande wa chini, na mwenye kuumega ni mimi, mwaka wa kwanza wa karakana, ulipoponyoka mkononi mwangu ukapiga sakafu. Muhuri ni wenyewe. Basi mtu ameutoa pale ulipo akaupeleka Rusayl.

Nikalifunga faili, nikaweka mkono juu yake. Hapo ndipo mwenyekiti wetu wa kamati alipoingia. Ni mtu mpole, familia yao ilirudi huku kutoka Burundi, na tukiwa wawili tunazungumza Kiswahili.

"Ukhti, bado tu?" akasema. "Karatasi zimetimia. Tia alama zao, khalas, lipande juu."

Nikamwomba mpaka kesho. Akaitikia kwa kichwa, akafika mlangoni, akageuka.

"Kwani hiyo ya saba ina nini?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu ya saba. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Sasa kosa langu, na naliandika ili nisije nikajisafisha baadaye. Kanuni inasema ukigundua una jamaa ndani ya faili, unasimama hapo hapo na kutangaza. Sikutangaza. Niliaga kwamba kichwa kinaniuma, nikaendesha gari moja kwa moja mpaka Mabela.

Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani na nguo yake nyeupe, anapinda shuka kwa mkono maana hawezi kukaa bure. Nilizungukazunguka kwanza. Nikauliza hali ya wanawake wa karakana. Akasema wawili wameshaondoka, wamepata kazi kwingine, na hawalaumu.

Nikauliza kama kuna kampuni yoyote iliyomwandikia, au iliyokuja kumwona, tangu msiba.

"Kuniona mie? Nna eda, mwanangu!" Alinitazama kama nimepungukiwa na akili. "Na barua ingekuja ningeiweka chini ya mto nikailalia. Hapana aliyetuandikia. Kwani kuna kazi?"

Nikamuuliza muhuri uko wapi.

"Muhuri na funguo nlimpa Suleiman siku ya tatu ya msiba. Angalau pale pawe na mwanamume wa kufungua mlango." Akaendelea kupinda shuka. "Nikitoka eda, inshallah, nitawapigia wenye kazi mmoja mmoja. Zimebaki siku tisa."

Siku tisa. Na kazi ambayo ingewarudisha wanawake wake wawili imeshakataliwa kwa jina lake, kwa muhuri wake, yeye yumo ndani anahesabu siku. Nilimbusu mkono nikatoka kabla hajaniona uso.

Suleiman ana shahada na alikaa bila kazi miaka miwili. Mwezi uliopita alikuja na kanzu mpya na uso mpya, akasema amepata kazi ya mahusiano kwenye kampuni kubwa, Rusayl. Nilimpongeza. Sikumuuliza kampuni gani. Nakiri leo: niliona zabuni zinakuja, nikaona ni salama zaidi nisijue. Kisha nikatia sahihi fomu inayosema sina ndugu kwa mwombaji yeyote, na moyo wangu ukiwa mtulivu kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na mimi nguo hiyo niliikunja vizuri nikaivaa.

Nikiwa bado ndani ya gari, nje ya nyumba ya mama mdogo, simu ikalia. Ni Suleiman.

"Dada, uko Mabela?"

"Nani kakwambia?"

"Maskati ndogo, dada." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu asiye peke yake. "Karatasi ya mama mdogo usiishughulikie sana. Mie ntaiweka sawa. Hawa watu wanajua nyie watano mnakaa wapi na mnafanya nini. Wanajua na mie ni nani wako. Unadhani kazi nilipewa kwa shahada?"

Akakata. Nilibaki nimeshika usukani, gari limezimwa, jasho linanitiririka mgongoni. Majina ya kamati ni siri. Tunayajua sisi watano tu.

Kumbe hawakumwajiri yeye. Waliniajiri mimi, bila kunipa habari.

Tangu hapo ninapiga hesabu ya njia, na kila njia ina shimo lake. Nikitangaza undugu wangu kesho, nitaondolewa na faili litabaki kwa mwenyekiti, naye ataandika kwamba juhudi za dhati zimethibitika. Nikinyamaza nikawanyima alama, watakata rufaa, watasema mpwa wa mwenye karakana alikuwa anapendelea kwao, na jina la mama mdogo ndilo litakaloburutwa. Nikiwapa alama, basi karakana tisa zimezikwa na mimi nimeshika sepetu. Na nikisema yote, mdogo wangu ataulizwa muhuri alimpa nani. Huko huulizwi ukarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Namuogopea Suleiman. Pia nina hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Alilala mgongoni mwangu akiwa mdogo. Mama mdogo alimshonea kila kanzu ya Idi mpaka alipooa.

Nimeamua, au nilidhani nimeamua. Nitaandika karatasi mbili. Moja inatangaza undugu wangu na mama mdogo na Suleiman, na kosa langu la kutouliza. Nyingine inaeleza eda, homa, muhuri uliomeguka, na swali la mwenyekiti mlangoni. Sitampa mwenyekiti. Nitaziingiza masjala, zipigwe muhuri wa kupokelewa, zipewe namba, na nakala ziende kwa wakaguzi asubuhi hiyo hiyo. Kitu kikishapata namba si rahisi kukipoteza. Nitaomba pia wazipigie simu karakana nane zilizobaki, waulize ni nani kati yao aliyewahi kumimina hiyo kahawa.

Nilikuwa nimefika hapa nikataka kuandika kwamba nitalala, kwamba asubuhi ina mambo yake.

Adhana ya isha bado. Simu imelia tena, ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo. Nimeusikiliza mara mbili.

"Mwanangu, Suleiman yuko hapa. Kaja na karatasi, anataka nitie sahihi kwamba nliwapokea watu fulani karakanani. Tarehe ya zamani. Namwambia mie nna eda, watu gani? Ananililia, mwanangu, mtoto wa kiume analia. Anasema nisipotia ataharibikiwa, na wewe habari hii unaijua. Nje kuna gari linamngoja, halizimi taa. Nitie?"

Atatia. Namjua. Kwa machozi ya Suleiman atatia hata asiyoyasoma, na sahihi yake ikishakuwa pale, maneno yangu yote yatakuwa ya mpwa mwongo dhidi ya mjane mkweli.

Nimemjibu maneno mawili: usitie, nakuja.

Naiweka hewani shajara hii kama ilivyo, bila kuisoma tena, iwe imesomwa na watu kabla sijafika Mabela.