Salamu Uliyoiitikia Katikati ya Wimbo

Mama yangu,

"Sauti isiyo ya wimbo ni uchafu, na uchafu hufagiliwa." Ndivyo alivyosema Mwalimu Yona, kiongozi wa kwaya yetu, mbele ya wanakwaya pale Njombe, nao wakampigia makofi. Wangejua alichofagia, mikono yao ingebaki mapajani. Alikufagia wewe.

Unaikumbuka siku ile jikoni kwako, kijijini Mdandu, Ezekia, mwana wa kaka yako, alipoleta mashine ya kunasa sauti aliyoiazima kwa mwenye duka mmoja wa Makambako? Aliiunganisha na betri ya lori lake, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akatukataza hata kukohoa. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umetujaa machoni. Ukaanza wimbo wako wa kupalilia ulezi.

Kabla hujafika mwisho, jirani yako Mama Tumaini akaingia na kikapu cha viazi.

"Kamwene!"

Ukautua wimbo kama mtu anayetua mtungi. Ukamwitikia, "Kamwene," ukamwuliza kama homa ya mtoto imeshuka, kisha ukanigeukia mimi, mtu mzima mwenye ndevu: "Sogeza miguu, mgeni akae."

Ezekia akashika kichwa. "Shangazi! Mashine inanasa!"

"Na inase. Yenyewe imeingia humu bila hodi, sasa inataka nisiitikie watu?"

Mama Tumaini akacheka mpaka viazi vikamwagika, nawe ukaendelea na wimbo kutoka neno lile lile ulipouachia.

Kwetu salamu isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa usoni mwa mtu. Yona analijua hilo. Amekulia katika baridi hii hii, ameitikiwa katika kila nyumba aliyoingia. Lakini siku hizi ana mashine yake mwenyewe, na wembe, na masikio ya kuazima.

Baada ya kukuzika, Ezekia alimpelekea mkanda ule apunguze mngurumo ulioletwa na umeme wa betri. Mngurumo ule siutetei. Ulikuwa unakufunika kama pumba, na aliyeweza kuupunguza nilikuwa tayari kumshukuru. Yona hakuishia hapo. Alikata kipande chote tangu salamu hadi kicheko, akaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi, na kipande akakitia motoni pamoja na takataka za chumba chake.

Nimeusikiliza mkanda huo uliosafishwa. Unaimba vizuri, mama, kama mtu aliye peke yake duniani.

Nilimfuata Yona kwake. "Kaka," akaniambia, "wimbo si umebaki?"

"Wimbo ule kila mwanamke wa Mdandu anaujua. Je, nani mwingine ataniambia nisogeze miguu?"

Akatazama chini. "Ningejua, ningekuuliza."

Hakujua! Mtu asikie mama akimwuliza jirani habari za mtoto mgonjwa, kisha aseme hakujua kwamba hiyo ni sauti ya mtu. Mnyonge wa kusikia hivyo ndiye tuliyempa kazi ya kutuchagulia kipi kisikike.

Siku hizi moshi unapojaa jikoni kwako naketi nimekunja miguu. Hakuna anayeingia. Wewe lala, mama. Kilichoungua sikirudishi, hata nikipiga kelele mpaka sauti inikauke. Hasira iliyobaki nawapelekea walio hai.

Ninyi viongozi wa kwaya wa Mjimwema na Iwawa: mikanda mliyonasa majumbani mwenu mkampelekea Yona aisafishe ingali mezani kwake, inangoja wembe. Humo mama zenu wanakohoa, wanakaripia mbuzi, wanakaribisha wageni. Msiniandikie barua za kunipa pole. Nendeni asubuhi mkaichukue mikanda yenu, na akiwauliza sababu, mwambieni awashe mashine akae kimya asikilize.

Mwanao, kifungua mimba wako