Betri Uliyoivika Kitambaa

Mpendwa Mama,

Betri bado iko pale ulipoiacha, chini ya dirisha la chumba cha Baba, na kitambaa chako cha maua bado kiko mgongoni mwake. Fundi aliyetuletea kutoka Kisumu alituonya tusiifunike, itashika joto. Ukamjibu, "Hata mgeni hawezi kukaa uchi kwa nyumba yangu." Baadaye ulikikunja pembeni, matundu ya hewa yakabaki wazi, mkapatana.

Unakumbuka mara ya kwanza stima ilipopotea tukiwa na betri? Ilikuwa mchana. Mashine ya oksijeni ya Baba haikusita, betri iliipokea hapo hapo, nami nikashangilia. Kumbe Baba ameshang'oa mpira wa hewa puani, anahema, macho yamemtoka. Alikuwa amesikia radio ikinyamaza, akajua stima imeenda, na kwake yeye mashine bila stima ni sanduku tu. Tulimwambia hewa bado inakuja. Hakusikia la mtu.

Wewe ndiye uliyeichomeka radio kwenye betri. Nikalalamika kwamba betri tumeinunua kwa ajili ya oksijeni, tusimalize chaji ya mgonjwa kwa nyimbo. "Nyathina, mwanangu," ukaniambia, "akisikia kimya ataogopa. Akiogopa, hiyo hewa yako utampea kupitia wapi?" Tangu hapo stima ikawa inaenda na kurudi, Baba hana habari. Ukawa unakaa kando yake ukichambua visamaki vya omena na kugombana na mtangazaji. Akisema huku kwetu Seme kutanyesha, unamfokea, "Mvua iko wapi? Si utoke nje uone, wewe!" Baba alicheka mpaka nikawa namwogopea pumzi zake.

Halafu ukaondoka wewe uliyekuwa mzima. Nakasirika nikifikiria hilo, nisijue nimkasirikie nani. Sote tulikuwa tumejiandaa kumpoteza Baba.

Jana stima ilipotea tena, jua likiwa kali. Nilikuwa tayari, Mama. Betri imejaa, mashine inanguruma, radio inaongea, kitambaa nimekikunja vile ulivyokuwa ukikikunja. Baba akapeleka mkono puani.

"Stima imepotea," akasema.

"Hapana, Baba. Si unasikia radio inaongea?"

"Nasikia. Lakini hakuna mwenye anaijibu."

Nilimshika mkono. Mtangazaji, kama kawaida yake, akaahidi mvua. Nikajaribu kumfokea kwa maneno yako, yakatoka kama ya mtoto anayesomeshwa. Baba akanitazama kwa muda, akanihurumia, akauacha mpira mahali pake. Hakuuacha kwa sababu aliamini. Aliuacha kwa ajili yangu, na sijui huruma hiyo itamshikilia hadi lini.

Watu wananishauri niongeze betri ya pili. Nawaitikia tu. Chaji haijawahi kutuishia, Mama. Kilichoisha sijui kinauzwa duka gani.

Pumzika sasa. Stima imerudi na Baba amesinzia, mpira uko puani. Radio nimeiacha iongee. Nimeketi kwenye kigoda chako na ungo wa omena, namsubiri mtangazaji aseme uongo wowote, nijaribu tena.

Ni mimi,
kitinda mimba wako