Mwisho Niliomtungia Mama

Kidia, Old Moshi,
Moshi.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yoramu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Goodness na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwezi wa nane umeachia. Huku tunaendelea. Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita, migomba imepata nguvu, na ng'ombe amezaa dume, jambo lililomuudhi Mama kuliko inavyostahili.

Macho yake yako vilevile. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Watu anawaona kama vivuli, uso anautambua ukisogea karibu kabisa. Biblia imemshinda, hata ile ya maandishi makubwa. Ndiyo maana siku hizi mimi ni msomaji wake.

Unamkumbuka Mwalimu Sulochana, niliyefundisha naye pale mjini? Anahamia Arusha kwa binti yake, na vitabu vyake vya Kiswahili amenipa mimi, katoni nzima. Kila alasiri, nikishamlisha ng'ombe, nakaa na Mama barazani namsomea. Nikaona nikuandikie tulivyoviona, maana wewe ulikuwa unasoma hata gazeti lililofungiwa nyama.

Tulianza na kitabu cha upelelezi. Mlinzi wa ghala anakutwa amefungwa kamba na kahawa yote imeondoka. Mimi nilikipenda kwa sababu kinakwenda mbio. Mama alimjua mwizi kabla hatujafika nusu. Alisema mtu anayeuliza hali ya kila mtu bila kungoja jibu lazima ana lake. Ila mwandishi ana kosa moja: sura ya kwanza mtoto wa mlinzi amelazwa hospitali, na hatuambiwi tena habari zake mpaka mwisho. Mama bado ananiuliza kama alipona.

Cha pili ni cha ufugaji. Kimeandikwa vizuri, lakini mwandishi anadhani kila mtu ana eka kumi za malisho nyuma ya nyumba. Sisi tunaofuata majani tambarare na kuyapandisha huku hakutujua. Hata hivyo nimejifunza kumwekea ng'ombe maji muda wote badala ya kumnywesha asubuhi na jioni, na maziwa yameongezeka kidogo. Siwezi kukisema vibaya.

Cha tatu ndicho hasa kimenifanya nishike kalamu.

Ni riwaya ya mama mmoja, Bi Rahabu, na mwanawe wa pekee aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi. Kila sikukuu mama anafagia chumba cha mwanawe na kutandika kitanda. Majirani wakiuliza, anasema kijana ana kazi nyingi. Mwandishi haongezi chumvi, anaeleza tu, na pale ndipo anapokukamata. Kadiri nilivyosoma ndivyo Mama alivyozidi kunyamaza. Mimi nami nilikuwa nakufikiria wewe, sitaficha.

Kabla ya siku ya kumaliza nilichungulia mwisho peke yangu. Yule mama anakufa. Kijana anafika wiki moja baadaye, anakuta chumba kimefagiwa. Nikasema hapana, hili simsomei Mama. Basi tulipofika hapo nikaanza kutunga. Nikasema Bi Rahabu yuko jikoni anakoroga mtori wa ndizi, akasikia mlango wa uani unafunguliwa, kugeuka ni mwanawe na begi begani. Wakakumbatiana. Nikafunga kitabu.

 Mama akauliza, "Huyo kijana amefika kwa njia gani?"

"Kwa basi, Mama."

"Daraja la kijiji chao si ulisoma limekwenda na maji? Limejengwa lini?"

Nikaanza kukifungua kitabu tena.

"Halafu hujafunua ukurasa hata mmoja, Eliaichi. Macho yangu ndiyo mabovu. Masikio mazima."

Nikamwambia nilitaka kumpumzisha. Akanijibu kwamba yeye amezika mume na watoto wawili, hawezi kuuawa na kitabu. "Soma kilichoandikwa."

Nikasoma. Mara mbili nilisimama kufuta machozi, akanisubiri. Nilipomaliza nilitegemea alie. Badala yake akasema, "Huyu mama ni mjinga."

Yoramu, nilikasirika. Nilikuwa nimemlilia yule mwanamke kama ndugu yangu. Nikaanza kumtetea, kwamba alimpenda mwanawe, kwamba alimngoja. Mama akanikatiza.

"Alimngoja, ndiyo. Alimwita lini? Miaka yote anafagia tu. Kijana atajuaje? Ufagio unasikika mpaka huko aliko?"

 Ndipo akaanza kusema habari za mazishi ya Baba, ambazo hajawahi kuzitaja tangu siku ile. Akasema, "Yoramu alifika kaburi limeshafukiwa, na baba yenu mdogo Antoni akamsema mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikufungua mdomo. Mtoto akadhani Antoni ananisemea mimi. Na tangu hapo kila akipiga simu namwambia pole na kazi, msalimie mkeo. Mimi na huyo Rahabu tuna tofauti gani?"

Nikamshauri nikupigie hapo hapo. Akakataa. Alisema kwenye simu utamwambia mtandao unakatika. Akataka niandike, na nisibadilishe neno. Haya ndiyo maneno yake:

"Yoramu mwanangu. Lori lilianguka likafunga njia, ukachelewa. Nilijua siku ile ile. Maneno ya baba yako mdogo hayakuwa yangu, na kukaa kwangu kimya kulikuwa kosa. Kila Desemba watoto wa watu wanapanda huku, nawasikia wakipita, na mimi nasema wewe una kazi. Sitaki kusema hivyo tena. Nakutaka nyumbani Krismasi hii, uso wako ningali nauona. Kama hutaki kuja, niambie hutaki. Usiniambie utaangalia."

Baba mdogo Antoni nilimwendea leo baada ya ibada nikamwambia nakuandikia, na kwa nini. Unamjua, hajui kuomba radhi. Aligeuza kofia yake mikononi, akauliza kama njia ya huko kwenu Tunduru siku hizi ni lami yote. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi atamtenga mbuzi wa Krismasi.

Kitabu chenyewe nimekifungasha pamoja na barua hii. Kisome, ila usikisomee kaunta dukani kwako, utawatisha wateja kwa machozi.

Mama anawasalimu nyote. Binti yangu Loveness anamsalimu mkaza mjomba wake Goodness na binamu zake, na Mzee Ebenezeri jirani anauliza habari zako kila tukikutana kisimani. Mungu alinde njia zako, za kwenda na za kurudi. Sisi tunangoja jibu lako, la ndiyo au la hapana.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Eliaichi